Kikao cha jamaa mbele ya ugonjwa usioisha

Kila mara tunapoandika juu ya ugonjwa katika mila zetu, tunarudilia neno moja: kwetu mgonjwa hakuwa peke yake. Wazungu wanamwacha mtu wao na kengele karibu ya kitanda, sisi tunajaa chumbani mpaka muuguzi anatufukuza. Neno hilo ni la kweli na sitalipinga. Ila ningependa kuuliza: hakuwa peke yake kwa muda gani? Kwa homa ya juma moja, ndiyo. Kwa mguu uliovunjika, ndiyo. Kwa mwaka wa kwanza wa ugonjwa mkubwa, tuseme ndiyo. Lakini mtoto aliyezaliwa na anemia SS, ambaye ataumwa mwaka huu, na mwaka kesho, na mwaka wake wa 25, mila yetu ina neno gani kwake? Na kwa mama yake?

Nachukua ugonjwa huu kwa sababu uko nyumbani mwetu. Profesa Léon Tshilolo na wenzake walipima damu ya watoto wachanga zaidi ya 31,000 huko Kinshasa, wakatoa hesabu mwaka 2009: katika kila watoto 100, karibu 17 walikuwa wanabeba nusu ya ugonjwa, ni kusema AS, na zaidi ya mmoja alikuwa SS kamili. Tukiangalia parokia moja tu, na wingi wa watoto wanaobatizwa humo kwa mwaka, kila msomaji anaweza kupiga hesabu yake. Chembe za damu za mtoto huyu zinajikunja kama mundu, zinaziba njia ndogo za damu, na hapo maumivu yanaanza: katika mifupa, mgongoni, kifuani, tumboni. Tunaita “krizi”. Krizi inapita, mtoto anarudi shule, watu wanasahau. Kisha inarudi. Ni mambo yanayofanana na ya wenye kifafa, ya wenye kisukari na ya wale wa figo, ingawa kila ugonjwa una siri yake.

Kitabu kinachosema vizuri kupita vingine juu ya jamaa na mgonjwa katika inchi yetu kiliandikwa juu ya ndugu zetu wa magharibi, Bakongo wa Manianga, katika jimbo linaloitwa leo Kongo Central. Mwandishi wake ni Mmarekani John Janzen. Alifanya uchunguzi kule mwaka 1969, akisaidiwa na daktari William Arkinstall, na kitabu kikatoka kwa Kiingereza mwaka 1978, kwa jina lenye maana ya “kutafuta uponyaji katika Zaire ya Chini”. Waliokisoma wanajua ubora wake. Zamani wageni waliandika kana kwamba Mwafrika anasimama kwenye njia panda, mkono wa kuume hospitali, mkono wa kushoto mchawi, na kwamba siku moja elimu itamfanya achague. Janzen alionyesha mambo mengine kabisa. Kule Manianga mgonjwa haendi kwa munganga kama mteja anavyokwenda dukani. Wanakutana wajomba, baba wadogo, dada na kaka wa pande mbili. Wanachambua habari, wanahesabu pesa, wanaamua: hospitali ya misheni, au nganga wa majani, au nabii, au kwanza kumaliza ugomvi wa ukoo ndipo dawa ifanye kazi. Wanaweza kuzunguka kote huko kwa mgonjwa mmoja bila kuona kwamba wanajipinga. Kikao hicho cha jamaa ndicho kinachotibu, kwa maana ndicho kinachoshika usukani.

Mtu wa Katanga akisoma kurasa hizo anatambua nyumba yake. Sisi pia tunakaa hivyo. Baba mukubwa anakuja kutoka Likasi, shangazi anapanda gari usiku, viti vinaazimwa kwa jirani. Kuna uzuri katika jambo hilo, na wale ambao hawana mtu wa kuwakalia kikao wanajua thamani yake.

Sasa lawama yangu. Kitabu hiki, na kikao chenyewe, vinaona ugonjwa kama safari. Kuna mahali pa kuanzia na mahali pa kufika. Kikao kinajua kuuliza maswali mawili tu: ugonjwa huu umetoka wapi, na tuupeleke wapi? Kwa ugonjwa unaoisha, maswali hayo mawili yanatosha. Kwa ule usioisha, yanageuka mateso.

Tuanze na la kwanza. Bakongo wa Janzen wanapambanua ugonjwa wa Mungu, *kimbevo kia Nzambi*, na ugonjwa wa mtu, *kimbevo kia muntu*. Ule wa Mungu unakuja wenyewe, unatibiwa, unaondoka. Ule unaokataa dawa, unaorudi kila wakati, ndio unaoanza kuitwa wa mtu: kuna aliyekasirika, kuna deni la mahari, kuna jicho baya. Sisi huku tunasema kwa maneno yetu, lakini fikra ni ile ile. Msomaji aone ubaya uliomo kwa mgonjwa wetu. Anemia SS hairudi kwa sababu ya mtu. Inarudi kwa sababu ndivyo ilivyo. Lakini kule kurudi kwenyewe ndiko kikao kinakokuchukua kama ushahidi. Kadiri mtoto anavyoishi na ugonjwa wake miaka mingi, ndivyo jamaa wanavyozidi kuamini kwamba kuna mkono wa mtu. Kuishi kwake kunaongeza mashaka.

Na mashaka hayo yanaangukia wapi? Kwanza kwa mama. “Kwetu hii bugonjwa haiko,” wanasema watu wa upande wa mume, na wanasema kwa moyo safi, maana kweli hawajaona mtu wa ukoo wao mwenye macho ya manjano na mikono iliyovimba. Hawajui kwamba nusu ya ugonjwa inaweza kutembea katika damu yao vizazi na vizazi bila kuonekana. Ili mtoto awe SS, baba na mama wote wawili wanapaswa kutoa, kila mmoja nusu yake. Wazazi wawili wa AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa SS, na mimba iliyopita haibadilishi hesabu ya mimba inayokuja. Mwaka 1954 Mwingereza Anthony Allison alionyesha, kwa kazi aliyoifanya Afrika ya Mashariki, kwamba nusu hiyo inamkinga mtu na malaria kali. Ndiyo maana imejaa katika inchi zetu za mbu. Swali la “umetoka wapi” lina jibu basi, na jibu ni kwamba umetoka kwa mababu wa pande zote mbili, waliosalimika na malaria. Nimeona jibu hilo likielezwa mbele ya jamaa, likasikilizwa kwa heshima, halafu mjomba mmoja akakohoa na kuuliza: “Sawa. Lakini nani alilifungua?” Swali la zamani lina mizizi mirefu.

Wakati mwingine mashaka yanamwangukia mtoto mwenyewe. Hapa hatuzungumzii mila tena, tunazungumzia kosa la jinai: sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamwadhibu anayemshitaki mtoto kwa ulozi. Lakini hata pale ambapo hakuna anayetamka neno hilo, mtoto wa SS anasikia. Anasikia ndugu zake wakisema pesa ya minervali imekwisha juu ya damu yake. Anaona nyanya akimtazama muda mrefu. Mtoto mgonjwa ana masikio makali. Analala mchana na watu wazima wanafikiri kwamba anasinzia.

Swali la pili, la kumpeleka wapi, linaumiza kwa namna nyingine. Jamaa wanaojua kutafuta tu, wakikosa mahali papya pa kwenda, wanajiona wamekwisha kufanya kazi yao. Mwaka wa kwanza viti vinajaa. Mwaka wa tatu wanakuja wawili. Mwaka wa saba anabaki mama, na labda dada mkubwa aliyeacha masomo. Hawa jamaa si wabaya. Walikuja kutafuta njia, njia hazikubaki, nao wakarudi kwao. Mila haikuwafundisha kazi ya kukaa tu mahali ambapo hakuna cha kuamua.

Tusisahau na pesa, kwa sababu watu wa mila tunapenda kusahau pesa. Hapa kwetu, wakati wa Union Minière na miaka mizuri ya Gécamines, mfanyakazi alitibiwa na kampuni, mke wake na watoto wake pia. Mtoto wa SS wa mfanyakazi alikuwa na kitanda, alikuwa na damu. Uzazi wa shaba ulianguka miaka ya 1990, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaacha kazi kwa ule mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Hiari gani, kila mtu ana maoni yake. Mzigo uliobebwa na kampuni ukatua juu ya kikao cha jamaa, na jamaa wenyewe walikuwa hawana mishahara. Anayesema leo kwamba “upendo wa familia umepotea kwa sababu ya usasa” aangalie kwanza hesabu hizo.

Lawama yangu nyingine kwa kitabu ni kubwa kuliko ya kwanza. Katika kurasa zake tunasikia wajomba, nganga, manabii, wauguzi. Mgonjwa anabebwa. Janzen anataja kwamba kikao kinamtia mgonjwa moyo, anataja haraka, halafu anarudi kwenye maamuzi. Simlaumu sana kwa hilo: aliandika alichokiona, na katika kikao chetu pia mgonjwa anakuwa chumba cha pili na mlango umefungwa nusu. Lakini mtu anayeugua maisha yake yote ana elimu juu ya ugonjwa wake ambayo mjomba hana na daktari hana. Anajua krizi inavyoanza kabla haijaanza. Anajua baridi ya mwezi wa sita, anajua kwamba kukosa maji siku moja kutamlipisha siku tatu. Anajua hasa jambo moja ambalo hakuna kipimo cha lopitalo kinachoweza kulionyesha: kiasi cha maumivu. Na hapo haaminiwi. “Iko anajifanya,” wanasema, kwa sababu juzi walimwona akicheka. Muuguzi naye anaweza kusema hivyo, akichelewesha dawa ya maumivu. Sijui maneno mawili yanayomjeruhi mgonjwa wa namna hii kuliko hayo, maana yanamlazimisha kuchagua: ama alie sana ili aaminiwe, ama anyamaze asionekane mwongo. Wengi wananyamaza. Kuna vijana wanaouma shuka usiku ili mama asiamke. Kesho yake mama anasema ameshukuru Mungu, mtoto amelala vizuri.

Tunampa neno gani mtu huyo? Tunampa “vumilia”. “Uvumilie tu, Mungu iko.” Ni neno jema, lina uzito wake, na wazee waliolitumia hawakuwa wajinga. Lakini mvumilivu katika mashairi na hadithi zetu ni mtu anayengoja kitu: mume arudi, mvua inyeshe, jua lichomoze. Mgonjwa wa SS anavumilia kwa kungoja nini? Ukimwambia avumilie bila kumwambia mpaka lini, umemwambia anyamaze kwa adabu. Afadhali “pole”, ambayo haiahidi kitu.

Tazama jinsi tulivyo matajiri tukifika kwenye kifo. Kilio kina siku zake, kina nyimbo zake, kina mahali pa wanawake ndani na mahali pa wanaume kwenye moto nje. Watani wanakuja, wale ambao Babemba wanawaita banungwe, wanamchekesha mfiwa kwa nguvu, hata wanamwiga marehemu alivyokuwa akitembea, na mjane anacheka katikati ya machozi bila haya. Kuna siku ya kuoga, kuna siku ya kugawa vitu, kuna siku ambapo watu wanakuambia: sasa inatosha, rudi kazini. Aliyeunda kilio alijua moyo wa mtu vizuri sana. Huzuni imepewa mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea.

Mama wa mtoto wa SS ana huzuni pia, lakini mtoto wake yuko hai, na hakuna anayemlilia aliye hai. Alimzaa mtoto aliyemwota mwenye afya. Siku daktari alipotamka herufi zile mbili, yule wa ndoto alikufa, na huyu wa kweli akabaki mikononi. Hakuna aliyekaa naye kwa ajili ya msiba huo. Tena hana ruhusa ya kusema amechoka. Nimesikia mama mmoja wa Katuba, baada ya usiku wa nne lopitalo, akimwambia dada yake polepole: “Yaya, nilichoka.” Dada akaruka: “Usiseme vile, utaita lufu!” Hilo ni jibu la mtu anayempenda mwenzake na kumwogopea. Lakini mama alifunga kinywa chake hapo hapo. Katika mila yetu neno lina nguvu, kulisema ni kama kulifanya, na kwa hiyo uchovu wa anayemtunza mgonjwa hauna kinywa. Unatokea kwa njia nyingine: ukali kwa watoto wengine, ugomvi na mume, presha. Baba naye anapewa hata kidogo kuliko mama. Haruhusiwi kulia, basi anakaa sana kwenye baa, na tunasema amekimbia mzigo.

Wengi watajibu kwamba siku hizi kuna chumba cha maombi. Ni kweli, kimechukua mahali pa kikao katika nyumba nyingi, na kinampa mama kitu ambacho kikao hakimpi: anaweza kulia kwa sauti kubwa usiku mzima na hakuna atakayemwambia anaita kifo. Sipendi watu wanaocheka vyumba hivyo bila kuona jambo hilo. Ubaya unaanza siku ya ushuhuda. Chumba cha maombi, sawa na kikao, kinataka mwisho. Krizi ikipita, mtoto anasimamishwa mbele ya watu aseme amepona. Dawa zinawekwa chini. Baada ya miezi miwili maumivu yanarudi, na mtoto ambaye alikuwa mgonjwa tu, sasa ni mgonjwa asiye na imani, au nyumba yao ina dhambi iliyofichwa. Nani atakayekubali kurudi kusimama mbele ya watu wale wale?

Kwa hiyo mila haina kitu kwa ugonjwa mrefu? Hapo nakataa, na hapo wanaotetea mila wanakosa hoja yao nzuri kuliko zote, kwa sababu wanatetea kikao peke yake. Kulikuwa na kitu kingine, ambacho wamisionari walikipiga vita na sisi wasomi tukakionea haya. Ni ngoma.

Mswahili akisikia ngoma anafikiri kichapo na mchezo. Katika lugha nyingi za kibantu, kutoka kwetu mpaka Afrika ya Kusini, neno hilo linabeba pia chama cha wale waliopatwa. Janzen mwenyewe, kana kwamba alisikia upungufu wa kitabu chake cha kwanza, aliandika mwaka 1982 juu ya Lemba, chama cha zamani cha Kongo ambamo mume na mke waliingizwa pamoja, na mwaka 1992 juu ya ngoma za uponyaji alizozitazama Kinshasa, Dar es Salaam, Swaziland na Cape Town. Kabla yake Victor Turner alikuwa amekaa miaka ya 1950 kati ya Ndembu wa Mwinilunga, kaskazini-magharibi ya Zambia, ambao ni jamaa wa Lunda wetu na wanasema walitoka kwa Mwantiyanvwa. Kitabu chake juu ya ngoma za mateso kilitoka mwaka 1968. Mambo wanayoeleza yanafanana. Mtu anashikwa na taabu isiyoondoka: utasa, ndoto, maumivu, kupoteza mimba. Wanaomzunguka katika dawa ni watu waliopatwa na taabu ile ile kabla yake. Wanampa nguo zake, udongo wake mweupe, wimbo wake. Na akitoka hapo harudi kuwa kama zamani. Anakuwa mtu wa ngoma, anapanda ngazi, na siku moja anaitwa kumshika mkono mwingine aliyeshikwa kama yeye. Kinshasa, katika zebola ya wanawake iliyotoka Equateur, ambayo Ellen Corin aliichunguza, mgonjwa alikaa kwa mponyaji miezi mingi, mbali na mume na wakwe, kabla ya siku ya kutoka kwa sherehe.

Angalia tofauti na kikao. Kikao kinauliza umetoka wapi na uende wapi. Ngoma inaanza kwa kukubali kwamba huyu amepatwa, na pengine hataachwa. Inampa wenzake. Inampa jina ambalo haliaibishi. Inampa kazi, na kazi hiyo inatoka katika maumivu yake yenyewe: alichokijua kitandani kinamfaa mwingine. Hayo matatu ndiyo hasa anayokosa kijana wa SS katika mtaa wetu. Jina alilonalo ni “SS”, linatamkwa kama namba ya gari. Wenzake hawajui. Kazi yake ni kutowasumbua watu.

Sitaki mtu aseme kwamba ninaomba turudishe ngoma na pembe zake. Ngoma ilikuwa na gharama: mbuzi, kuku, nguo, pombe, na mwenye ngoma alijua kuvuta kamba. Ilidai siri, na palipo na siri wanyonge wanaonewa. Ilimweka mgonjwa mikononi mwa pepo, na chembe za damu hazisikii wimbo. Kwa damu tuna dawa nyingine. Uchunguzi uliofanyika katika Angola, Kenya, Uganda na hapa Kongo, kwa watoto 606, na ambao Tshilolo ni mwandishi wake wa kwanza, ulionyesha mwishoni mwa 2018 kwamba hidroksiurea inapunguza krizi, malaria, haja ya kuongezewa damu, na hata vifo. Ile methali ya mitaani kwamba mtoto wa SS havuki miaka 18 si kweli kwa anayetunzwa. Lakini dawa hiyo inamezwa kila siku, miaka na miaka, inataka vipimo vya damu, na haiondoi ugonjwa. Ni dawa ya kuishi nao. Moyo uliofundishwa kutafuta mwisho utaitupa baada ya mwaka mmoja, ukisema haikuponya.

Nilihudhuria mara moja mkutano wa wazazi wa watoto hawa, uani mwa parokia moja ya hapa Lubumbashi, Jumamosi mchana. Hapakuwa na ngoma, palikuwa na viti vya plastiki na daftari la majina ya walio lopitalo juma lile. Wazazi walikuwa wakibadilishana habari za dawa, alipoingia kijana wa miaka 31, mwembamba, macho ya manjano. Alijitambulisha kwamba yeye ni SS. Wamama wakanyamaza wote, wakamtazama kama mtu anayetazama picha. Wengine walikuwa hawajaona SS mwenye ndevu. Wakamuuliza alikula nini, alikunywa nini, aliolewa, pole, alioa? Akacheka, akajibu. Kisha mama mmoja aliyekuwa nyuma, mwenye mtoto wa miaka sita magotini, akauliza swali ambalo sijalisikia katika kikao chochote wala kulisoma katika kitabu: “Kaka, wakati ulikuwa mudogo, krizi ikikushika, ulikuwa unataka mama yako afanye nini?”

Kijana alifikiri muda. Akasema: “Aniwekee kitambaa ya maji ya moto. Asilie. Asiulize-ulize. Akae tu pale.”

Mama akauliza kitambaa cha namna gani. Akamwonyesha kwa mikono ukubwa wake, na wengine wakasogeza viti ili waone.